Karibu ya Tatu

Norby, Minnesota
4 Novemba

Mpwa wangu Britta,

Katika mji huu hakuna mtu aliyewahi kupata kazi bila kupitia mikononi mwangu. Uliza popote. Meneja wa benki, mwalimu mkuu, hata yule anayekaanga donati pale kituo cha mafuta, wote ni mimi niliyewasukuma mlangoni.

Basi, si kweli. Niliyempatia kazi ni mmoja tu, Dwayne Moen. Nilimwingiza kwenye idara yetu ya barabara aendeshe lori la kusukuma theluji. Wiki ya kwanza akang'oa sanduku la barua la mchungaji, wiki ya pili akang'oa uzio wa mchungaji huyohuyo, wakamwambia inatosha. Lakini aliingia! Kuingia ndiko ninakozungumzia mimi. Kubaki ni shauri lake.

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Philadelphia. Huku tupo. Mama yako bado anaimba kwaya kwa sauti iliyompita kimo, na hakuna anayethubutu kumwambia, mimi kaka yake nikiwa wa kwanza kutothubutu. Theluji ya kwanza ilianguka ikaona hakuna anayeishangilia, ikayeyuka. Paka amenenepa. Mimi ni vilevile ulivyoniacha, ila zaidi.

Sasa, huyohuyo mama yako LaVonne ameniambia kwamba maabara yenu imefungwa na huna kazi tangu Septemba. Aliniambia kwa ile sauti yake ya kutangaza msiba, kisha akaniapisha nisikuambie kwamba ameniambia. Kwa hiyo mimi sijui chochote. Ila ningekuwa najua, ningekuuliza: hiyo kazi nyingine unaitafutaje?

Jibu kwa barua. Kwenye simu unasikika kama mtu aliyefunikwa ndoo.

Mjomba wako,
Verlin


Philadelphia
19 Novemba

Mjomba Verlin, shikamoo.

Mimi mzima, na nimefurahi kwamba hujui chochote. Mwambie mama kwamba mimi nami sijui kama hujui. Hapa majani yameisha mitini, jirani wa juu amenunua ngoma, na kile kikapu cha waridi ulichonisuta kwamba kitakufa bado kiko hai dirishani, kwa ubishi tu.

Kwa kuwa hujui, nikueleze. Tulikuwa tunapima maji ya visima na ya mabomba. Kampuni ikanunuliwa na watu wenye maabara yao wenyewe, wakachukua mashine, wakatuachia sisi makoti meupe. Tangu hapo natuma maombi kwa kompyuta. Ni kama kutupa mawe kisimani halafu usisikie hata chubwi. Kila mtu ananiambia neno moja: jichanganye na watu, ujulikane.

Haya, nikajichanganya. Wapima maji wa hapa wana chama chao, wanakutana Jumamosi moja kila mwezi kwenye ukumbi nyuma ya maktaba. Nilivaa koti zuri. Nikasimama karibu na meza ya jibini, nikala jibini. Akanijia bwana mmoja.

"Na wewe mwenzetu, uko wapi?"

"Siko popote. Natafuta kazi. Kwenu ipo?"

Mjomba, alikitazama kikombe chake kama vile kimemwita kwa jina, akaondoka nacho. Nikajaribu kwa mwingine, na mwingine. Siku hiyo vikombe vyote vilikuwa na maneno.

Mkataba wangu wa nyumba unakwisha mwisho wa Mei. Kama sitakuwa na kazi hawatauongeza, na nitarudi Norby nikalale kile chumba cha chini cha mama, chini ya mazoezi ya kwaya. Nawapenda wote. Sitaki.

Mama anasema ulianguka ngazini mwezi uliopita. Ni kweli?

Mpwa wako,
Britta


Norby
2 Desemba

Britta,

Ngazi zangu nzima kabisa, asante kwa kuziulizia.

Huku tumemzika Harlan Tveit, yule aliyekuwa na gari lenye milango ya rangi tatu. Mazishi mazuri. Mchungaji alimsifu mpaka mjane akageuka kulitazama jeneza, ahakikishe ni mtu yuleyule. Baadaye tukashuka chini ya kanisa kwa kahawa na mikate ya nyama, kama kawaida, na hapo ndipo nilipokukumbuka.

Wewe kosa lako ni kusimama kwenye chakula. Kwenye chakula kila mtu anatafuna na kujihurumia. Nenda kwenye sinki! Nimekaa mji huu miaka yangu yote, shule niliiacha kabla haijaniacha, na kila jambo la maana nimelisikia nikiwa na taulo la kufutia vyombo. Pale watu mikono imeshughulika, macho hayana haja ya kutazamana, ulimi unafunguka wenyewe. Utajua nani anastaafu, mgongo wa nani umekataa, bosi gani ameshindwa kumpata mtu wa kufanya nini.

Mimi mwenyewe nililipataje lile lori la theluji? Nilikuwa nafuta sahani kwenye mazishi ya mama yake Einar Sletten, Einar akiwa bosi wa barabara. Sikuomba kazi. Nilimwuliza, "Einar, hivi ile kona ya ziwani mnaipitaje bila kuingia ziwani?" Akaanza. Akachora kona kwa kidole kwenye povu. Sahani ziliisha, yeye bado yuko kwenye kona. Mwishowe akanitazama, akasema, "Wewe Verlin, unaendesha lori?" Nikamwambia naendesha. Basi.

Hukuona? Yule bwana wa jibini ulimwomba kitu ambacho hana mfukoni. Mtu akiombwa asichokuwa nacho anaona aibu, na mwenye aibu hukimbia na kikombe chake. Lakini kazi yake anayo, anaijua, na nyumbani kwake hakuna anayetaka kuisikia. Mwulize hiyo. Na ukishaambiwa jambo, ulifanye, kisha urudi umwambie lilivyokuwa. Watu wanapenda kusikia kwamba maneno yao yalikwenda mahali.

Nimekutumia lefse za Krismasi, zile chapati zetu nyembamba za viazi. Zimepondeka kidogo kwa sababu niliufunga mzigo huku nimekaa.

Verlin


Philadelphia
20 Januari

Mjomba, shikamoo na heri ya mwaka.

Lefse zilifika vipande vipande, nikazila kwa siagi na sukari nikiwa nimesimama, kama ulivyonifundisha. Nilipokaribia kumaliza nikajikuta nakikata kipande cha mwisho nusu, na hiyo nusu nayo nusu, ili nisiwe mimi niliyemaliza. Nyumba nzima niko peke yangu.

Nilikwenda kwenye sinki. Ukumbi wa maktaba una jiko dogo, na baada ya mkutano wa Jumamosi kuna vikombe vingi na mama mmoja tu. Anaitwa Rosalind Pettaway, ni mkubwa wa maabara moja ya mji wa jirani. Nilimkuta amekunja mikono ya blauzi ya hariri. Nikachukua taulo. Nikamwuliza kuhusu mabomba ya madini ya risasi ya nyumba za zamani, wanajuaje lipi limekwisha badilishwa na lipi bado liko ardhini. Mjomba, ilikuwa kona ya ziwani kabisa! Alinieleza, nikamweleza tulivyokuwa tunafanya sisi, akasema "Eeh, hiyo sikuijua." Alicheka. Akaniuliza nafanya kazi wapi, nikamwambia, na hakutazama kikombe.

Ndipo akasema, "Conti anatafuta mtu wa kupima madini kwenye maji. Nimpigie Jumatatu, nimtajie jina lako?"

Nikasema, "Ah, hapana jamani, usijisumbue. Una mambo mengi."

Akasema, "Haya." Akaanika taulo.

Nikangoja. Nilifuta kikombe kimoja mpaka kikalia. Akavaa koti. Nikamsindikiza mlangoni taratibu, nikampa nafasi. Akasema, "Haya mwanangu, wikendi njema," akaingia garini. Hakuuliza tena! Wiki ya pili nikasikia Conti amepata mtu.

Sijamwambia mama. Nimekaa hapa najiuliza nilimkosea nini yule mama.

Mwandiko wako wa Desemba umelala upande. Na kwa nini mzigo unaufunga umekaa? Nina nafasi sasa hivi kuliko nitakavyowahi kuwa nayo. Nije nikae nawe kidogo?

Britta


Norby
30 Januari

Britta wangu,

Nimecheka mpaka paka akahama chumba. Samahani. Nikafuta macho, nikasoma tena, nikacheka upya.

Hukumkosea. Ulimjibu Kinorby. Hapa ukikaribishwa kahawa unasema hapana, ukikaribishwa tena unasema hapana usihangaike, na ya tatu unasema basi, nusu kikombe tu, kisha unakunywa birika zima. Kila mtu anajua. Lakini huyo mama wa Philadelphia atajuaje? Kwake hapana ni hapana, na akirudia kuuliza ataonekana anakusukuma. Alikuheshimu!

Unamkumbuka Selmer Bakke, yule mseja wa bondeni? Baridi moja gari lake lilizama mtaroni, theluji mpaka madirishani. Akapita jamaa wa Texas aliyekuja kuoa huku.

"Mzee, nikuvute?"

"Ah, hapana, nimepumzika tu."

"Sawa mzee, pumzika salama."

Akaenda zake! Nilipofika na lori langu nilimkuta Selmer ndevu zimekuwa barafu. Nikamwuliza, akakataa. Nikamwuliza, akakataa. Nikamwuliza ya tatu, akasema, "Basi, kama unapita njia hiyohiyo." Alikufa miaka mingi baadaye, kitandani, na hata hapo walipomletea supu ya mwisho alisema wasijisumbue.

Sasa nisikilize, maana hili ni gumu na mimi mwenyewe sijawahi kulifanya. Mkutano ujao rudi kwenye sinki. Mwambie yule mama neno zima: nilisema hapana, nilimaanisha ndiyo, nipigie simu. Utaona joto masikioni. Halitakuua. Kama nafasi ile imekwenda, imekwenda, lakini yeye bado yupo, na watu anaowajua bado wapo.

Mama yako mzima. Amenunua kofia.

Kuhusu kuja, ah, usijisumbue. Mwandiko umelala kwa sababu mwenye mwandiko analala. Una mambo yako.

Verlin


Philadelphia
3 Machi

Mjomba Verlin, shikamoo.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilitaka niwe na la kukuandikia. Baridi imepungua, mpiga ngoma wa juu ameoa na mke hapendi ngoma, waridi limetoa chipukizi.

Mkutano wa Februari nilifika kabla ya watu kuanza hata kuchafua vikombe. Nilipompata Rosalind pale jikoni nilianza kwa kusafisha koo, nikasafisha na meza, kisha nikasema.

"Ile siku uliyotaka kumpigia Conti, nilisema hapana. Nilimaanisha ndiyo."

Akaniangalia. "Sasa kwa nini usiseme ndiyo?"

"Kwetu tunasubiri kuulizwa mara tatu."

"Mara tatu! Na moto ukiwaka?"

"Tunasema si mkubwa sana."

Alicheka mpaka akaegemea friji. "Nyinyi watu mnakula saa ngapi, kwa mwendo huo?" Kisha akakunja uso. "Nafasi ya Conti imeshakwenda. Lakini kuna Desmond Oyler, anapima maji ya hospitali. Nikuunganishe naye? Na mimi nauliza mara moja tu, mwanangu."

Nikasema ndiyo. Masikio yaliwaka, kweli. Joto halikuniua, kweli.

Oyler ni mtu mrefu mwenye haraka. Nilimwomba muda wa kahawa moja, si kazi. Nikamwuliza kitu gani kwenye kazi yake kinamkosesha raha. Akaniambia kuna mabomba ya hospitali moja yanatoa majibu tofauti asubuhi na jioni. Nikamwambia sisi tulipoona hivyo tulianza kuangalia maji yaliyolala bombani usiku, na nikamtajia mtu niliyefanya naye kazi ambaye anayajua hayo kuliko mimi. Baada ya siku chache nikamwandikia kadi ya shukrani. Akanijibu kwamba yule mtu amemsaidia sana. Hakusema lolote juu ya kazi, na mimi sikuuliza. Nangoja, na mwisho wa Mei nao unaningoja.

Sasa wewe. Mama anasema huendi tena kanisani kwa sababu ya zile ngazi za kushuka kwenye kahawa, na kwamba unalala kwenye kiti cha sebuleni. Nakuuliza tena: nije? Naweza kupanda basi kesho. Nijibu moja kwa moja.

Britta


Norby
12 Machi

Britta,

Ah, hapana kabisa. Kiti ni kizuri. Kina mahali pa kuweka kikombe. Watu wa maana wote wamelala kwenye viti, wafalme kwa mfano.

Hii ya kumtajia Oyler mtu mwingine mwenye ujuzi zaidi yako, hiyo sikukufundisha mimi. Hiyo ni yako. Nimeitafakari sana. Mimi nisingekuwa na moyo wa kumtaja mwingine.

Barafu ya ziwani imeanza kuguna. LaVonne ameirudisha kofia dukani. Paka anakusalimu.

Verlin


Philadelphia
28 Aprili

Mjomba mpendwa, shikamoo.

Nimepata kazi!

Oyler alipiga simu Jumanne. Alisema mtu wake mmoja anahamia pwani nyingine na hataki kutangaza nafasi kabla hajanisikia. Akasema, "Ungependa kuja kufa..." Nikasema ndiyo. Akamalizia, "...kufanya kazi na sisi?" Nikasema ndiyo tena, asije akadhani nilikubali kufa. Akaniuliza kama nahitaji siku mbili tatu za kufikiri. Nikamwambia hapana, na hii hapana ni hapana.

Naanza wiki ya pili ya Juni. Mwenye nyumba ameuongeza mkataba. Nilimpelekea Rosalind keki, akaipokea kwa mikono miwili papo hapo bila hata "ah", nikabaki kinywa wazi. Kwenye ukumbi sasa kuna kijana mmoja anayesimama kwenye jibini. Nimempa taulo.

Mama alilia kwenye simu kwa furaha, kisha akalia kwamba sirudi. Nakushukuru mjomba, kwa yote. Waridi limechanua, limepoteza ubishi.

Britta


Norby
6 Mei

Mpwa wangu Britta,

Hongera. Nimewatangazia watu wote, na kila ninapotangaza sehemu yangu inakua. Kufikia jana nilikuwa nimempigia Oyler simu mimi mwenyewe. LaVonne mzima, kwaya inapumzika mpaka Septemba na mji mzima unapumzika nayo. Barafu imeisha ziwani.

Barua yako niliisoma mara mbili. Kisha nikaigeuza nione kama umeandika nyuma. Hakuna. Nikaitazama bahasha kwa ndani. Hamna kitu.

Mwezi wa kwanza uliuliza "nije?", nikasema usijisumbue. Mwezi wa tatu uliuliza tena "nije?", nikasema hapana kabisa. Nikakaa kwenye kiti changu nikingoja ya tatu. Jibu nilikuwa nimelitengeneza tayari, zuri, la kawaida: basi, kama huna shughuli nyingine. Ya tatu haikuja. Nikakasirika siku nzima, nikamgombeza paka, mpaka jioni nikakumbuka ni nani aliyekufundisha kwamba hapana ya mtu iheshimiwe. Nimemfundisha mtu vizuri mara moja katika maisha yangu, na angalia.

Sasa nami nioneshe masikio yangu yakiwaka. Nilianguka, ndiyo. Ngazi nzima, nyonga si nzima. Tangu Oktoba natembea kwa kushika samani, na nimeishiwa samani. Daktari wa Duluth ataniwekea nyonga mpya tarehe 22 mwezi huu, asubuhi. Jirani mpya alijitolea kunipeleka, nikamwambia usijisumbue, akasema sawa. Ni mtu wa Chicago. LaVonne haendeshi gari kupita duka la maziwa. Na sitaki kuamka kule hospitali nikatazamwa na mtu nisiyeweza kumtania.

Unakumbuka ule mwaka wako wa kwanza wa chuo, kule Fargo, mabasi yalipofungwa kwa tufani na wewe ukalia kwenye simu kwamba utakula Krismasi peke yako? Nilikuja na lori la theluji la serikali, taa inazunguka juu, nikakuleta mpaka mlangoni kwa mama yako. Uliposhuka ulisema, "Mjomba, unanidai safari moja, siku yoyote utakayoitaka." Mimi nikasema ah, achana nayo. Sikumaanisha tuachane nayo.

Naitaka hiyo safari yangu. Kwenda tu. Kurudi tutazungumza. Uje kabla ya tarehe 22, unipeleke Duluth, ukae hapo kitini nitakapofumbua macho. Nimekuomba mara moja na sitajifanya nakataa. Nawe sema ndiyo upesi, maana kuomba mara ya pili sijui kunafanywaje.

Mjomba wako,
Verlin